Kuku wa Mzee Njuguna na Pipa la Mama Adoyo

Vijana wa ofisini waliniomba niandike machache kuhusu kazi kabla sijazoea kukaa nyumbani nikasahau kila kitu. Nimekubali, ila sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwaje. Mambo hayo hayajawahi kumponya ng'ombe. Nitaandika juu ya siku za mwanzo, vifaa tulivyotumia, mtu aliyenifundisha kazi, na kosa nililolifanya Kawangware, ambalo nusura limfukuze mama mmoja nyumbani kwake bila hatia. Kosa hilo ndilo ninalotaka mlisome. Mkiwa na haraka mnaweza kuruka yanayotangulia, ingawa mkiyaruka hamtaelewa kwa nini mtu mwenye akili zake alikosea namna ile.

Nilitoka chuoni mwanzoni mwa miaka ya sabini nikiwa na cheti, koti la kaki, na imani kwamba yaliyobaki nitayaokota njiani. Nikapelekwa kwenye kituo kidogo cha mifugo kilichohudumia Kawangware, Kibera na mashamba ya katikati. Ninyi mnaiona Kawangware ya leo na hamwezi kuamini, lakini wakati ule wenyeji wengi walikuwa na ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba na nguruwe karibu na mto. Vyumba vya mabati vya kupangisha vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kujipanga kando ya mazizi. Kibera nako, hasa upande wa Makina, mbuzi walijua njia kuliko mimi.

Sisi hatukuwa madaktari. Tulikuwa wasaidizi: tulichanja, tulihasi, tulifunga vidonda, tulitibu magonjwa madogo na kupeleka habari za makubwa. Daktari mwenyewe alikuwa mmoja, na tulimwona siku gari lake lilipokuwa na mafuta. Lakini watu walituita daktari, nasi hatukujisumbua sana kuwasahihisha.

Mkubwa wa kituo alikuwa Mzee Barasa, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyeanza kazi hiyo mimi nikiwa bado nachunga mbuzi wa baba Machakos. Siku ya kwanza alikitazama cheti changu kama noti anayoishuku, akanirudishia, akaniambia ninyooshe mikono. Nikanyoosha. Akatazama kucha.

"Nenda ukazikate," alisema. "Cheti tutakisoma baadaye."

Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu ya pili, na nasema bila kuficha kwamba ilikuwa bora kuliko ya kwanza. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo. Kila asubuhi tuliyafunga kwa kitambaa yasigongane, tukayachemsha kwenye sufuria juu ya stovu. Sindano zenyewe zilikuwa chache, na zilipokuwa butu tulizinoa kwenye jiwe. Kipimajoto tulikifunga kamba, na mwisho wa kamba tukaweka kibanio cha nguo cha kubana kwenye manyoya ya mkia. Siku niliyokipuuza kile kibanio, fahali mmoja wa Riruta alikivuta kipimajoto chote ndani, nami nikashinda nyuma yake hadi mchana nikisubiri akirudishe, huku mwenye fahali akiwaeleza majirani kwamba huo ni uchunguzi wa kisasa.

Mzee Barasa aliamini mambo mawili. La kwanza ni kwamba uchafu wa daktari unaua mifugo kuliko ugonjwa. Zamani alikuwa ameona kundi zima la ng'ombe likiota majipu shingoni kwa sababu ya sindano moja iliyopita kwa wote bila kuchemshwa. Tangu hapo chochote kilichogusa dawa ilibidi kisuguliwe kwa dawa ya kuua viini, na maji yawe ya mfereji tu. Ya mtoni, ya kisima na ya mvua aliyaita supu.

La pili ni kwamba hakumwamini mtu. Chupa zilizokuwa kwenye friji ya stoo alizihesabu asubuhi na jioni, na ufunguo aliuvaa shingoni ndani ya shati. Aliniambia kwamba mwenye mnyama hudanganya mara ya kwanza kwa sababu ya aibu, na mara ya pili kwa sababu ameshadanganya ya kwanza. Ukiambiwa ng'ombe amekula nyasi tu, fungua mdomo wake uangalie. Nilizoea kufungua midomo. Nikazoea pia kuwatazama watu kwa jicho hilo hilo.

Sasa nifike kwenye kuku.

Kwa wale ambao hamjakiona kideri kikifagia banda: kuku anaanza kuzubaa, mabawa yanaanguka, anahema kwa mdomo, anaharisha kijani. Baadhi shingo zinajipinda hadi wanatazama juu. Dawa yake haipo hadi leo. Kuna chanjo tu, na chanjo tuliyokuwa nayo tulimdondoshea kuku mmoja mmoja jichoni. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na kuku hawana adabu. Kwa hiyo ilipokuja chanjo mpya ya kuchanganywa katika maji ya kunywa, tulifurahi. Hakuna aliyekuja kutufundisha. Dereva alileta maboksi, akasema hizi ni za kunywesha, akaondoka. Ndani ya kila boksi mlikuwa na karatasi ya Kiingereza chenye herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mzee Barasa alisoma sehemu inayosema chupa moja inatosha kuku wangapi, kisha akaiweka karatasi chini ya stovu ili isiyumbe.

Boksi la kwanza nililipeleka kwa Mzee Njuguna, upande wa Kawangware unaoitwa Kongo siku hizi. Alikuwa mwenyeji hasa. Ardhi ile aliachiwa na baba yake, naye akajenga vyumba vya kupangisha mistari miwili. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Nyuma ya vyumba alikuwa na banda la kuku wa mayai, na katikati ya ua palikuwa na mfereji wenye kufuli, ambao yeye mwenyewe aliufungua asubuhi na jioni wapangaji wachote.

Nilifanya kazi ile siku ile kama nilivyofundishwa. Tuliwanyima kuku maji tangu alfajiri wapate kiu. Nikasugua vyombo vyote kwa dawa ya kuua viini, nikasuuza kwa maji ya mfereji, nikajaza maji ya mfereji, nikachanganya chanjo. Kuku wakanywa. Mzee Njuguna alisimama mlangoni mikono nyuma, akasema hiyo ndiyo kazi ya serikali anayoijua. Kisha akafunga mfereji, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kwenye shughuli zake.

Chupa moja ilikuwa imebaki. Katika chumba cha mwisho aliishi Mama Adoyo, mama wa makamo kutoka huko ziwani, aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, na sukuma wiki barabarani. Alikuwa na kuku wa kienyeji waliolala kwenye kreti mlangoni kwake. Akaniomba niwachanje na wa kwake. Mfereji ulikuwa umefungwa, na dawa yangu ya kusugulia ilikuwa imekwisha. Yeye akachota maji ya mvua kutoka kwenye pipa lililokuwa chini ya bati lake, akayamimina kwenye karai la plastiki lenye mabaki ya uji pembeni. Nilitazama huku na huku kama mwizi. Nikachanganya chanjo katika ile supu, nikaomba Mzee Barasa asijue. Ilikuwa kazi yangu chafu kuliko zote tangu nitoke chuoni.

Wiki kadhaa baadaye kideri kilifika Kawangware. Mzee Njuguna alinitumia mtu, nikaenda kwa baiskeli. Kuku wa kwanza niliyemwona alikuwa amesimama katikati ya banda shingo imejipinda, anatazama paa. Kabla ya wiki kwisha banda lilikuwa karibu tupu. Na pale nje, kati ya mizoga iliyosubiri kuzikwa, kuku wa Mama Adoyo walikuwa wakichakura wakiwa wazima kabisa, jogoo wao akiwika.

Hakuna aliyehitaji kusema kitu, na kwa hiyo kila mtu alisema. Mama Adoyo hupita kando ya banda kila asubuhi na ndoo, ndani yake mna nini? Mbona wapangaji wote huchota kwenye mfereji wa mwenye ploti na yeye peke yake hunywa maji ya pipa? Watu wa kwao si wana dawa zao? Kabla ya Jumapili ya pili wateja walikuwa wamepungua barabarani. Nani atanunua omena kwa mtu anayesemekana ana sumu?

Sisi wa kituoni tulikuwa na ushuku wetu pia. Mzee Barasa aliniuliza, kwa upole uliotisha, kama siku ile nilisimama mahali kunywa chai na kuiacha juani themosi ya barafu tuliyobebea chanjo. Nilisema hapana. Akaniuliza tena kesho yake kwa maneno mengine, kama tulivyowafanyia wenye ng'ombe. Mimi nami nilianza kuutazama ule ufunguo wa shingoni mwake. Mtu mmoja tu aliifungua friji ile. Chanjo nzuri ingeweza kutoka kwa mlango wa nyuma ikaenda kwa wafugaji wakubwa, na chupa za zamani zikaletwa kwetu. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na wazo tu, nikalilisha hadi likanenepa. Tulikunywa chai stoo ile ile, kila mmoja akimwangalia mwenzake juu ya kikombe.

Siku moja Mzee Njuguna aliniita mbele ya wapangaji wake. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida: "Wewe mtu wa serikali, hii mama ulimpa dawa ile ile ulinipa mimi?"

Nikajibu: "Boksi ni lile lile, Mzee. Zaidi ya hapo sijui."

Wenzangu, tafadhali lishikeni jibu hilo. Lilikuwa la kweli, neno kwa neno, na lilikuwa baya. Kama dawa ilikuwa ile ile, basi kilichoua kuku wa mmoja na kuacha wa mwingine ni mkono wa mtu. Niliwaachia watu nafasi wakamalizia wenyewe. Mzee Njuguna akamgeukia Mama Adoyo, akamwambia mwezi ukiisha atafute kwingine.

Kibaya zaidi ni kwamba na mimi nilimshuku. Watu walipotawanyika nilikwenda mlangoni kwake nikaomba kuona pipa. Akanifunulia. Niliinama nikanusa kama polisi, nikachota kiganjani nikatazama. Hapakuwa na kitu ila harufu ya bati na majani. Nikamuuliza kwa nini hachoti maji ya mfereji kama wengine.

"Ile maji yenu inanuka hospitali," alisema. "Siwezi kupika nayo kuon. Umemaliza kunusa?"

Nikasema nimemaliza. Kuon, kwa msiojua, ni ugali.

"Basi, daktari, nenda pia ukanuse ya mwenye ploti."

Aliniambia hivyo waziwazi, mchana, akiwa ameshika mfuniko wa pipa mkononi. Nami sikwenda. Niliona ni maneno ya mtu aliyekasirika.

Barua ya kozi ilifika katika hali hiyo. Ilisema nihudhurie mafunzo ya wiki moja ya kujikumbusha, kule chuoni, kuhusu chanjo mpya. Niliisoma mara tatu nikitafuta kilichofichwa. Kwa nini mimi na si mwingine? Kwa nini sasa? Niliamini Mzee Barasa anataka niondoke ili apate nafasi ya kupanga stoo yake. Baadaye nilijua kwamba yeye alidhani nimeomba mwenyewe niende ili nikamshtaki. Nawaeleza haya ili mjue jinsi kozi zilivyopokelewa wakati huo. Leo mnalalamika kwamba chai ya kozi haina sukari. Sisi tulidhani kozi ni mtego.

Mwalimu wa kozi alikuwa daktari mwanamke, mdogo kuliko wengi wetu, na wazee wa darasani walikunja mikono. Yeye hakutuhutubia. Aliweka mezani vyombo, ndoo, mswaki, dawa ya kuua viini na chupa tupu ya chanjo, akasema kila mtu aonyeshe anavyofanya kwao. Nilijitolea kuwa wa kwanza. Nilitaka waone kituo chetu kinavyofanya kazi safi. Nikasugua, nikasuuza, nikafungua mfereji, nikachanganya. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Umefanya kwa mikono safi sana," alisema yule mwalimu. "Sasa nisaidie. Ndani ya hiyo chupa, chanjo iko hai au imekufa?"

"Iko hai," nilisema. Hilo nililijua tangu nikiwa mwanafunzi.

"Na hiyo dawa uliyosugulia, kazi yake ni nini?"

"Kuua viini."

Hakuuliza swali la tatu. Karibu sisi sote tulikuwa tunafanya hivyo.

Niwaeleze polepole, kama alivyotueleza. Chanjo ile ni virusi vya kideri vilivyodhoofishwa. Haviumizi kuku, lakini lazima vifike tumboni vikiwa hai ili mwili uvitambue na kujifunza kupigana. Dawa ya kuua viini ikibaki kwenye chombo, hata kidogo, inaviua. Na maji ya mfereji yametiwa klorini ili sisi tusiugue, nayo pia inaviua. Kwa sindano, usafi wa Mzee Barasa ulikuwa sawa kabisa: chemsha, sugua, chemsha tena. Kwa chanjo ya kunywesha, usafi ule ule ulikuwa sumu. Kuku wa Mzee Njuguna walikunywa maji matupu. Wa Mama Adoyo, katika karai lao chafu, walichanjwa. Mwalimu akatufundisha kutumia maji ya mvua au ya kisima, na kama yapo ya mfereji tu, kwanza kukoroga ndani yake maziwa ya unga yasiyo na mafuta yaizuie ile klorini, na kusugua vyombo kwa maji matupu. Niliandika yote. Huku nikiandika, nilikuwa nikihesabu siku zilizobaki hadi mwisho wa mwezi.

Niliporudi nilipitia Kongo kabla ya kufika kituoni. Mfereji ulikuwa wazi na wanawake wamepanga madebe. Nikachota kikombe, nikanusa. Hospitali kabisa.

Mzee Barasa nilimkuta stoo ananoa sindano. Nilimwambia, "Mzee, tulikosea," kisha nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuinua uso. Nilipomaliza aliuliza swali moja: "Nani mwingine umemwambia?"

Nikasema hakuna.

Akaweka jiwe chini. Aliniambia taratibu kwamba kazi yetu inasimama kwa mlango kufunguliwa. Tulichukua miaka kuwafanya watu wa Kawangware waache kuficha ng'ombe wanapotuona. Wakisikia kwamba daktari ndiye aliyeua kuku, kesho watatufungia, na siku kimeta kikiingia kwenye ng'ombe, wakala nyama hiyo, watakufa wao na watoto wao. Yule mama atapata chumba kingine, vyumba viko tele. Sisi tutabadilisha njia kimya kimya kuanzia leo, na hakuna atakayejua.

Nawaomba msimcheke. Hakuwa mtu mwovu, na alilosema juu ya kimeta lilikuwa kweli. Nilikaa nalo siku nzima. Kilichonishinda ni kwamba katika hesabu yake Mama Adoyo alihama tu kutoka chumba hiki hadi kile. Lakini angehama na lile jina la sumu, na omena hawauziki kwa jina hilo popote, awe Kawangware awe wapi.

Jumamosi nilikwenda kwa Mzee Njuguna. Nilimwambia kuku wake waliuawa na kazi yangu, si na mkono wa mtu mwingine, nikamweleza sababu. Alitazama chumba cha mwisho.

"Amekupa nini?" aliuliza.

Nikamwambia anuse maji yake. Akasema maji yake ameyanywa tangu mfereji uingie na hajafa. Nikaeleza tena, kwa mfano wa mbegu: ukimwagia mbegu maji yanayochemka utazipanda, lakini hazitaota. Akasema mimi ni mtu wa maneno, na mtu wa maneno hununuliwa kwa maneno. Hapo nilielewa kwamba nilikuwa najaribu kumfungua mtu ambaye mimi mwenyewe nilimfunga, kwa lile jibu langu la boksi.

Basi nikaomba karatasi. Nikaandika mbele yake, kwa Kiswahili, kwamba mimi Mutua, msaidizi wa afya ya mifugo, niliiharibu chanjo ya kuku wa Mzee Njuguna kwa dawa ya kusafishia na maji ya mfereji, na kwamba Mama Adoyo hahusiki. Nikatia sahihi. Nikamwambia ampelekee daktari mkubwa akitaka, anifukuze.

Aliisoma mara mbili, kidole chini ya maneno. Aliijua kazi ya serikali, na alijua karatasi ile ni kitu gani. Hakuna mpangaji mwenye omena wa kutosha kununua sahihi kama hiyo. Akaikunja akaitia kwenye mfuko wa koti, akawaita wapangaji wote uani, akasema sentensi tatu. Kuku walikufa kwa kosa la daktari. Mama Adoyo hana kosa. Chumba ni chake.

Mama Adoyo alikuwa amesimama na karai la omena kiunoni. "Asante, mwenye ploti," alisema. "Lakini mwezi ukiisha nitahama." Kisha akatoka kwenda barabarani kuuza, na kweli mwezi ulipoisha akahama.

Karatasi ilimfikia daktari. Nilipata barua ya onyo, ambayo nadhani bado iko kwenye faili langu, na baada yake nikapata amri ya kuzunguka vituo vingine nikiwaonyesha wenzangu jinsi ya kutoharibu chanjo. Mzee Barasa hakuongea nami kwa wiki mbili. Asubuhi moja nikakuta kwenye rafu ya stoo kopo la maziwa ya unga, na yeye alikuwa hanywi chai ya maziwa. Tukaendelea na kazi. Watu wa Kawangware wengine walitufungia mlango, kama alivyosema. Ilituchukua karibu mwaka mmoja wafungue.

Kibera hawakuwa wamesikia, au hivyo nilidhani. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, mwenye mbuzi mmoja wa Makina aliniambia kuna mama ananitaka niende na chanjo ya kuku, na kwamba niende asubuhi. Nilipofika nilikuta kina mama zaidi ya kumi wamekaa kwenye vigoda, kuku wamefungwa miguu kwenye vikapu. Katikati alisimama Mama Adoyo, na nyuma yake mapipa mawili ya maji ya mvua.

Nilimsalimia. Aliwageukia wenzake.

"Mnaona huyu? Ndiye aliua kuku wa landilodi wangu kule Kawangware. Wote, banda zima."

Kina mama walinitazama. Mmoja alivuta kikapu chake karibu. Mwingine, Mnubi mzee aliyejitanda gurbaba, ile shuka yao, ya njano, aliuliza kilichokuwa akilini mwa wote: kama ni muuaji, mbona wamemwita?

"Madaktari wengine hawajui kama wanaweza kukosea," alisema Mama Adoyo. "Huyu anajua." Akafunua pipa la kwanza, akanipa kata, akasogea pembeni ili wote waione mikono yangu. "Haya, daktari. Kila kitu unachofanya, sema kwanza unafanya kwa nini. Ukinyamaza, tunabeba kuku zetu."

Nikaanza na maji.